Mwaka Tuliogombea Uyoga wa Kerege

Mtu akifa tunafundishwa kutaja mema yake. Nilikaa kwenye hitima ya Dokta Kassimu, Mapinga, tangu baada ya alasiri, nikiyatafuta mema hayo kichwani, na nilichokipata ni kwamba alikuwa na mwandiko mzuri. Wanawake tulikuwa nyuma ya nyumba, chini ya turubai la kukodi, juu ya mikeka iliyotandikwa mpaka kwenye ukuta wa jirani. Pilau ilikuwa inapakuliwa uani, na kila aliyepita na sinia alikuwa na la kusema: marehemu alikuwa mpole, marehemu hakupandisha sauti, marehemu alisomesha watoto wa watu. Huenda yote ni kweli. Mtu anaweza kuwa mpole kwa mji mzima akabakisha wawili. Mwanawe mkubwa, Shabani, bwana wa makamo mwenye sauti ya baba yake hasa, alikuja akainama mbele yangu, akaniamkia, akasema ameambiwa kwamba ujanani niliwahi kuishi na baba yake Bagamoyo, nikawa kama binti yake, na kama si usumbufu niwaambie kina mama maneno mawili matatu kabla ya dua. Nilimwambia koo linaniuma. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu, ambaye hatukuwa tukijuana, akaniuliza nilikuwa nani kwa marehemu. Nikamjibu kwamba nilimfanyia kazi mwaka mmoja. Akasema, "Basi ulifaidi." Nimelala na neno hilo tangu siku ile, na ndilo linalonifanya niandike.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na kitu pekee nilichowashinda wenzangu kilikuwa kuchora. Mwalimu wangu wa Bayolojia alinipeleka kwa Dokta Kassimu na mkewe, Dokta Nasra, wote wawili walimu wa chuo Dar es Salaam, ambao walikuwa wamepewa mwaka mzima wa kukusanya uyoga wa misitu ya pwani. Walikuwa wamepanga ghorofa ya juu ya nyumba ya Bi Fatuma, mjane wa mji mkongwe wa Bagamoyo, mwanamke mrefu aliyefunga ushungi wake kama anayekwenda vitani. Kulikuwa na vyumba vitatu kwenye mstari mmoja: chao, cha kazi katikati, na changu mwishoni. Kilichotutenga hakikuwa ukuta, kilikuwa mbao zilizopinda kwa chumvi ya hewa, na kila kilichosemwa chumba cha kazi kilinifikia kitandani kana kwamba nimeambiwa mimi. Chumba hicho kilikuwa na meza moja ndefu, hadubini moja ya shaba iliyowekwa karibu na dirisha ili ipate mwanga, chupa za spiriti, mabati ya biskuti ya kuhifadhia uyoga mkavu, na kiti kimoja tu kizuri. Mwezi wa kwanza walikuwa wakipeana kile kiti. Nakumbuka hilo kwa sababu lilikoma.

Kazi yangu ilikuwa kuuchora uyoga kabla haujafa rangi. Uyoga ukishang'olewa haukusubiri. Asubuhi ni wa rangi ya machungwa, jioni ni kama ngozi ya kiatu. Nilitakiwa kuchora kofia kwa juu, kisha kuupasua katikati na kuchora ndani, kisha kuugeuza na kuchora matamvua, vile vipande vyembamba vilivyopangana chini ya kofia, tulivyoviita hivyo kwa kuwa vinafanana na matamvua ya samaki. Hayo matamvua ndiyo yenye siri nyingi: yamekaribiana au yameachana, yameshuka kwenye shina au yameishia juu, ukiyakwaruza yanabadilika rangi au hayabadiliki. Dokta Nasra alinifundisha kuyahesabu kwa macho bila kunyoosha kidole, na nilipokosea alinigonga vifundo vya vidole kwa rula ya mbao. Michoro yangu ya mwanzo aliiita picha za kalenda. Dokta Kassimu hakunigonga. Yeye alisimama nyuma yangu kimya, akachukua brashi mkononi mwangu bila kuomba, akasahihisha. Watu waliopita na masinia pale Mapinga wangesema huo ndio upole wenyewe. Mimi nilipendelea rula.

Uyoga uliotuharibia nyumba uliokotwa mwanzoni mwa masika, katika msitu wa nyuma ya Kerege, chini ya miti ya mikongo. Aliyeuokota ni Dokta Kassimu. Mvua ilikuwa imenyesha kwa nguvu, kisha ikakata, na siku ile alipokwenda majani ya chini yalikuwa yamekauka mpaka yanalia yakikanyagwa. Alirudi na kapu, akamwaga mezani uyoga wenye kofia za rangi ya chapati iliyoungua kidogo, zilizobonyea katikati kama kisahani. Akaukata mmoja kwa kisu. Nyama yake ilikatika kama chaki, bila nyuzi, na ikabaki kavu. Wanaojua uyoga wanajua kwamba unaokatika kama chaki ni wa ukoo mmoja wenye ndugu wawili wakubwa. Ndugu wa kwanza anaitwa Russula, na ukimkata hatoi kitu. Wa pili anaitwa Lactarius, na ukimkata anatoa utomvu kama maziwa. Kwa mtu wa kawaida, tofauti yao ni hiyo tu. Dokta Kassimu alifuta kisu chake kwenye kitambaa, akasema ni Russula, na tena ni spishi ambayo haijawahi kuandikwa na mtu. Sauti yake ilikuwa ya chini kama kawaida, ila alikuwa ameshafungua daftari kuuandika. Mkewe aliugeuza uyoga, akaunusa, akasema angesubiri mvua irudi kabla ya kuupa jina. Hakusema kwa ubaya. Nilikuwepo, nilimsikia. Lakini alisema mbele yangu, na mbele ya Bi Fatuma aliyekuwa ameleta chai, na mumewe alikunywa chai ile mpaka ikaisha bila kumtazama.

Mvua iliporudi, Dokta Nasra alinichukua tukaenda wawili, tukapanda lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu. Tuliukuta uyoga uleule, kwenye mikongo ileile, umelowa na kujaa. Alichuchumaa, akaukata mmoja ukiwa bado umesimama ardhini, na ukalia. Sina neno jingine. Maziwa meupe yalitoka kwenye kila tamvua alilopitisha kisu, yakamchuruzika vidoleni, na kabla hatujafika barabarani yalikuwa yamegeuka kahawia kama hina ya juzi. Hakuvifuta. Alirudi Bagamoyo amevinyoosha vidole mbele yake kama bibi harusi, akapanda ngazi, akamwonyesha mumewe. Dokta Kassimu alivitazama, akamrudishia mkono wake kama mtu anayerudisha kitu kwa muuza duka. "Umeokota mwingine," alisema. Mimi, kwa ujinga wa umri, nikasema hapana, Dokta, ni uleule, mikongo ni ileile, na maziwa nimeyaona kwa macho yangu. Akanigeukia bila hasira yoyote. "Zuhura, wewe ni mchoraji. Hukuajiriwa kuona."

Baada ya hapo kila kitu cha uyoga ule kikawa kesi. Ulipokuwa ukikauka juu ya wavu wa chuma, kwenye jiko la mkaa uani kwa Bi Fatuma, ulitoa harufu ya samaki, na si samaki mbichi, ni papa mkavu aliyesahauliwa kabatini. Paka wa Bi Fatuma alikaa chini ya wavu mchana kutwa. Bi Fatuma mwenyewe alipandisha ngazi kutuambia kwamba nyumba yake haijawahi kunuka soko tangu alipoolewa humo, na kwamba watu wenye akili hukausha kitu cha kula, si kitu cha kugombania. Dokta Nasra alisema harufu hiyo inajulikana, ni ya jamii fulani ya uyoga wa maziwa. Dokta Kassimu alisema harufu hiyo inajulikana, ni ya jamii fulani ya Russula. Na wote walikuwa wanasema kweli, kwa sababu vitabu walivyokuwa navyo viliwapa haki wote wawili. Kwenye hadubini, mke alitafuta mirija midogo inayobeba maziwa ndani ya nyama, akasema ameiona. Mume akainama, akatazama kwa muda mrefu, akasema anachokiona ni uchafu wa kioo. Nililetwa nitazame. Niliona mistari. Sikuulizwa niliona nini. Nilitakiwa tu nitazame ili kila mmoja aseme kwamba nimetazama.

Ramadhani ilituingilia tukiwa katika hali hiyo. Ulikuwa wakati wa shida, sukari ya foleni, na uji wa futari tuliunywa na pilipili manga tu. Bi Fatuma alitulisha vizuri kuliko tulivyostahili: mihogo ya nazi, kunde, tambi alizozificha sijui wapi, samaki wa kukaanga pale walipopatikana. Tulikula juu ya mkeka kwenye ukumbi wa chini, sisi watatu na yeye. Wale wawili waliacha kusemeshana kati ya siku za mwanzo na za katikati ya mfungo, siwezi kusema ni lini hasa, kwa maana kimya chao kiliingia polepole kama maji kwenye mtumbwi. Kikaishia kwenye hali ya kunitumia mimi. Zuhura, mwambie mwenzio anipe ndimu. Zuhura, mwulize huyo kama amemaliza na hadubini. Walikuwa wameketi kiasi cha kugusana magoti. Mwanzoni nilikuwa nayarudia maneno yenyewe, kisha nikachoka, nikawa nasukuma ndimu tu. Bi Fatuma alivumilia mpaka jioni moja akaweka bakuli chini kwa kishindo, akasema mfungo wa mtu asiyesema na mwenziwe ni kushinda na njaa, na kwamba yeye hataki dhambi hiyo mkekani kwake. Dokta Kassimu akamwomba radhi kwa adabu sana. Kesho yake alianza kufuturu chumba cha kazi, peke yake, kwenye kile kiti kizuri, na mimi ndiye niliyempandishia sinia.

Ni katika kupandisha masinia hayo ndipo aliponiambia kuhusu kazi. Chuo kilikuwa kinatafuta mchoraji wa kudumu, alisema, na yeye alikuwa na usemi. Alilisema jambo hilo huku akitenganisha mwiba na nyama ya samaki, kisha akaniambia kwamba angependa mchoro wa uyoga wa Kerege uwe safi. Ndilo neno alilolitumia. Niliteremka nikamwacha na samaki wake. Siku ya pili Dokta Nasra alinikuta nikifua, akaniambia kwamba mchoro wa uyoga ule ukikosa tone la maziwa kwenye matamvua utakuwa uongo, na kwamba mimi nilikuwa shahidi, na shahidi anayenyamaza hana tofauti na mwongo. Hakuniahidi kitu. Sijui kama hiyo ilikuwa heshima au ukali. Nilimwambia nitachora uyoga nitakaowekewa mbele yangu, kama nilivyofundishwa na yeye mwenyewe kwa rula. Aliondoka akaniacha na povu mikononi.

Aliyeniwekea uyoga mbele yangu alikuwa Dokta Kassimu. Alikwenda Kerege peke yake, mchana wa jua kali, akarudi na uyoga mmoja mkubwa uliokomaa, unaokaribia kuzeeka. Tulikuwa watatu chumbani. Nilichora kofia, nikachora shina, kisha nikaupasua kwa wembe, na sote tukainama. Hakukuwa na maziwa. Wala haukuwa mkavu. Kwenye ukingo wa matamvua mawili au matatu palikuwa na unyevu, kitu cha kung'aa kidogo, ambacho hakikukusanyika kuwa tone na hakikuchuruzika. Nilisubiri. Hakikuongezeka. Dokta Nasra alisema, "Chora." Dokta Kassimu alisema vilevile, "Chora." Nadhani lilikuwa neno la mwisho walilolisema kwa pamoja. Nikachora ule unyevu jinsi ulivyokuwa: nikaacha karatasi nyeupe ing'ae mahali pembamba sana, nikapitisha kivuli cha kijivu chini yake. Nikauona, na mpaka leo nasema, ndio mchoro bora niliowahi kuufanya. Mume aliutazama akasema nimechafua matamvua. Mke aliutazama akasema nimeogopa. Kisha kila mmoja akatoka kwa wakati wake, nikabaki na uyoga na paka.

Ikabaki siku chache kufika Idi. Bi Fatuma alikuwa na desturi ya kusafisha nyumba nzima kabla ya sikukuu, kutoka darini mpaka uani, na hakuna kilichosalimika: mapazia, mikeka, majungu, kuta. Uyoga wote wa Dokta Nasra, ule wa kwenye mvua, ule wenye maziwa yaliyoganda kahawia kwenye matamvua, ulikuwa bado uani kwenye wavu na katika makapu mawili chini ya paa la jiko, kwa kuwa haukuwa umekauka kiasi cha kuingia kwenye mabati. Wa Dokta Kassimu ulikuwa juu, ndani ya bati lenye nafthalini ya kuzuia wadudu, tayari kupelekwa nje ya nchi. Asubuhi ile mke na mimi tulikuwa sokoni kutafuta kitambaa. Tuliporudi uani palikuwa pamefagiliwa, pamemwagiwa maji, wavu umeegeshwa ukutani, na katika shimo la takataka kulikuwa na moto mdogo unaonuka papa. Dokta Nasra alisimama pale na kitambaa chake mkononi. Bi Fatuma alimwambia, akiwa hana habari ya alichokifanya, kwamba alipanda juu kuuliza kama vile vitu bado vinahitajika, na bwana mwenyewe ndiye aliyemwambia vitupwe. Akaongeza kwamba alimwuliza mara mbili, na mara zote mbili bwana alijibu vizuri tu.

Nilipanda chumbani kwangu nikakaa kitandani, na zile mbao zikanipa kila kitu. Sikusikia kelele. Wote wawili walikuwa watu wa sauti za chini, na siku ile walizishusha zaidi, nikawa nazuia pumzi. Mke aliuliza kama ni kweli. Mume alisema nyumba ni ya Bi Fatuma na harufu ilikuwa imewakera watu. Mke akasema msitu upo, mvua itarudi, atakwenda kuokota mwingine. Mume akasema makala yake itakuwa imekwishafika kwa wachapishaji. Nikasikia bati likifungwa. Kisha mume akasema, taratibu, kama anayemsomesha mwanafunzi, "Nasra, huna ushahidi."

"Basi niache," akasema mke.

Akamwacha. Alitamka mara moja, kwa utaratibu wa dini, na nadhani hata hapo alikuwa mpole. Dokta Nasra alitoka na begi moja la nguo na kopo la brashi za hadubini alilokuwa amelinunua kwa fedha zake. Bi Fatuma alimfuata mpaka mlangoni akimkumbusha kwamba eda hukaliwa nyumbani kwa mume, na kwamba siku mbili tatu za hasira zinaweza kupita. Akajibu atakaa eda yake kwa kaka yake Tanga, na Mungu anajua sababu. Mimi alinitazama tu. Nilikuwa nimesimama ngazi ya tatu, nimeshika ukuta. Siku ya Idi tulikula biriani wawili, Bi Fatuma na mimi, kwa sababu Dokta Kassimu alialikwa kwa watu. Bi Fatuma alikula kidogo, akasema kama angejua angeuacha uyoga ule uoze mbele ya mlango wake mwaka mzima. Ndiye mtu pekee katika habari hii niliyemwona akijuta, na ndiye asiyekuwa na kosa.

Nilimaliza mwaka. Watu wakinisikia nikisema hivyo hushangaa, lakini nilikuwa sina mahali pengine pa kwenda, na kulikuwa bado na uyoga wa vuli wa kuchora. Ile kazi ya chuo hakuitaja tena, na mimi sikuiuliza. Mchoro wangu haukuwa safi, kwa hiyo ahadi haikuwepo. Nikaenda kusomea ualimu. Ilikuwa katika maktaba ya chuo cha ualimu, miaka baadaye, ndipo nilipolikuta jarida la nje lenye makala yake. Alikuwa ameuita uyoga ule Russula keregensis. Mchoro ulikuwa wangu. Kwenye ukingo wa matamvua, mahali nilipouweka ule unyevu, karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe kisha ikapakwa rangi juu, kazi ya ustadi mkubwa, ila kwa aliyeichora ilionekana kama kovu. Jina la mchoraji halikuwepo. Nililirudisha jarida kwenye rafu, nikaenda kufundisha watoto Bayolojia kwa miaka yote iliyobaki ya kazi yangu, na sikumwambia mwanafunzi hata mmoja achore tofauti na alichokiona, wala sikumpa alama mtu kwa kuchora nilichokitaka. Kama nilifaidi kitu Bagamoyo, nilifaidi hicho, nacho nilikipata kwa watu wawili walionichukia kwa sababu moja.

Dokta Nasra alikuja hitimani jua limeshaelekea chini, dua imekwisha, watu wanakunja mikeka. Sikumtambua mpaka aliponiita jina. Alikuwa amekonda, anatembelea fimbo, ameletwa na binti wa kaka yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa pembeni yangu kwa tabu. Shabani, mtoto wa mke aliyefuata, alikuja mbio na sinia, kama mwenyeji mwema, akamwuliza ni nani kwa marehemu. Alijibu kwamba walifanya kazi pamoja. Yule kijana wa watu, maana kwangu bado ni kijana, akafurahi, akamwambia kwamba baba yake ana uyoga uliopewa jina na yeye, umo kwenye vitabu vya dunia nzima, na watoto wote wa nyumba hii wanaujua. "Ni kweli," akasema Dokta Nasra. "Umo." Pilau hakuigusa.

Alipoondoka Shabani ndipo aliponieleza yaliyobaki, bila mimi kumwuliza, macho yake yakiwa kwenye ukuta wa jirani. Alirudi Kerege masika baada ya masika. Alikusanya uyoga, ukachakaa, akakusanya mwingine. Hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa sampuli ya kwanza, ile iliyobeba jina, ilikuwa ya mumewe, nayo ilikuwa kavu na haina maziwa. Kisha zikaja zama za kupima vinasaba. Watafiti wakachukua kipande cha sampuli ileile ya Dokta Kassimu, ile ya kwenye bati la nafthalini, wakaipima, na haikuwa Russula. Ilikuwa kwenye kundi la uyoga wa maziwa, katika jenasi ambayo siku hizi imetengwa na Lactarius na kuitwa Lactifluus. Kwa hiyo hata yeye, akasema, hakuwa amelipata jina sawasawa, lakini maziwa yalikuwa maziwa. Na ni yeye mwenyewe Nasra aliyeandika makala ya kuuhamisha kwenye jenasi hiyo. Na msitu wenyewe, nilimwambia, nimepita juzi. Mikongo imekatwa, ni viwanja vyenye kuta na mageti. Alisema anajua. Uyoga ule hauishi bila mizizi ya miti ile.

Nilimwambia basi ameshinda. Nilisema kwa nia ya kumaliza mazungumzo, si kumpongeza. Akacheka kicheko kifupi kibaya. Sheria ya majina, alisema, ni kwamba ukiuhamisha uyoga, aliyeupa jina mwanzo hafutwi. Jina lake linawekwa kwenye mabano, na jina lako linafuata. "Watu wananiambia nimemfungia kwenye mabano. Wewe fikiri, Zuhura. Nilitoka kwake na begi moja. Sikutaka jina langu lilale chumba kimoja na lake. Sasa popote uyoga ule unapoandikwa tumekaa pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, kama tulivyoondoka kwetu siku ya harusi. Na hakuna kadhi wa kunitoa humo."

Nilimwuliza, kwa kuwa nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu maktaba ile, kama katika makala yake aliutumia mchoro wangu, au angalau aliutaja. Alisema hapana, aliweka picha ya kamera. Kisha akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu akae.

"Ungelichora tone siku ile, nisingepoteza miaka yote hii."

"Halikuwepo tone, Dokta."

"Najua halikuwepo," alisema.

Binti wa kaka yake alikuja kumwinua. Alisimama, akaitengeneza mikunjo ya baibui lake, akaishika fimbo, akaniaga kwa assalamu alaikum. Niliitikia, kwa sababu kuitikia salamu ni wajibu.